Lalpari na Harusi Iliyokosa Matusi

Hadithi hii hamtaiamini, na wala siwalaumu. Hata mimi niliyekuwepo, bakuli la samli mkononi, siku nyingine hujiuliza kama niliota. Watu themanini na tatu wazima, njaa imewabana, wali unafuka mvuke mbele yao, vipande vya samaki wa haradali vimelala juu yake, na hakuna hata mmoja anayekula, kwa kuwa hakuna aliyewatukana. Na mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wote kutoka hapa mpaka ng'ambo ya mto Kamala ameketi barazani, mdomo ameufumba kama mlango wa duka siku ya msiba.

Hiyo hesabu ya themanini na tatu si yangu. Mimi nilikuwa na hesabu kubwa kidogo, na nzuri zaidi. Lakini Lalpari, ingawa kusoma hajui, masikio anayo, na nisipomsomea kila ukurasa, chai siioni. Ni mke wa kaka yangu marehemu. Kwa hiyo sisi ni watani, na utani wetu una miaka arobaini na sita.

Ulianza siku aliyoletwa hapa kijijini Pokharbhinda, bibi harusi wa miaka kumi na sita, shela mpaka kidevuni. Shemeji zake walimkaribisha kwa tambuu iliyotiwa pilipili kali mahali pa karafuu. Akaitafuna yote, akameza, akasema asante. Watu wakadhani wameletewa kondoo. Siku ya nne, wanawake walipokusanyika, kondoo akafungua kinywa akatoa wimbo juu ya masikio ya yule shemeji aliyekunja tambuu. Aliimba kwamba mama mtu alizaa nyungo mbili kwanza, mkunga akaenda zake nyumbani, ndipo mtoto akatokea baadaye akizifuata. Wimbo ule unaimbwa hadi leo wakati wa kupepeta mpunga. Masikio yenyewe hayana kasoro yoyote. Watu wana wivu tu.

Hivyo ndivyo Lalpari alivyopata kazi yake.

Kwetu, karamu ya harusi ina vitu vitatu: wali, samaki na matusi. Wageni wa bwana harusi wakishaketi uani kwa safu, kila mtu na jani lake la mgomba, wanawake wa upande wa bibi harusi hukaa barazani nyuma ya pazia, wakaanza kuwapiga vijembe kwa nyimbo, mmoja mmoja, kwa jina. Baba wa bwana harusi ni mchoyo, hupima chumvi kwa mizani ya sonara. Mjomba ana mimba ya miezi tisa na hataki kusema ya nani. Shangazi alitoroka na muuza bangili, akarudi na bangili bila muuzaji. Wageni hula polepole wasipitwe na neno. Anayetajwa hujifanya amenuna, huku akimpiga jirani yake kiwiko: umesikia? Mimi huyo! Asiyetajwa hurudi kwao kichwa chini, kwa sababu mgeni hatukanwi. Anayetukanwa ni ndugu.

Na ukitaka kutukanwa vizuri, basi utukanwe na Lalpari. Wiki mbili kabla ya harusi yoyote hupeleleza kuliko polisi. Humwuliza kinyozi, humwuliza muuza bangili, humwuliza dereva wa bajaji. Siku ya siku anamjua kila mgeni, na mke wake, na ng'ombe wake, na kisa cha ng'ombe huyo. Mkubwa mmoja wa ofisi ya ardhi aliwahi kurudi siku ya pili, kofia mkononi, kulalamika kwamba jana amerukwa. Lalpari alimwimbia pale pale mlangoni, huku anachambua dengu, na yule mkubwa akaondoka anapiga mluzi.

Sasa ukimwuliza nani alimfundisha, atakwambia: Sita. Si hesabu hiyo, ni jina la mtu.

Lalpari humzungumzia Sita kama mtu anavyomzungumzia dada yake aliyeolewa mbali. Si ajabu, kwani Sita ni wa hapa. Mfalme wetu wa kale, Janaka, alikuwa analima kwa plau, ncha ikagonga kitu, akafukua, akakuta mtoto wa kike. Mama yake ni udongo huu huu tunaopaka sakafuni. Akakua akifanya kazi kama msichana yeyote wa Janakpur, mji wetu. Asubuhi moja anapaka sakafu ya jumba, ule uta mzito wa mungu Shiva ukawa umelala njiani, uta ambao wanaume mia walishindwa hata kuutikisa. Sita akauinua kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukaendelea kupaka. Baba yake akaona, akasema, huyu simwozi goigoi. Atakayeuinua uta ndiye mume. Akaja Rama kutoka Ayodhya, kule magharibi, kijana mzuri, mweusi wa kung'aa. Akauinua, akauvuta, ukavunjika vipande viwili.

Mpaka hapo Lalpari hucheka. Kutoka hapo hushusha sauti. Dada wa watu akaenda magharibi na mumewe. Hakukaa sana, wakafukuzwa wakaishi msituni miaka kumi na minne. Akaibwa na mfalme wa vichwa kumi, akavushwa bahari. Mumewe akapigana vita akamrudisha, kisha akataka apite motoni, watu wajue yu safi. Akapita, hata unywele haukuungua. Wamerudi nyumbani, dobi mmoja kamwambia mkewe kwamba yeye si Rama wa kumpokea mke aliyekaa kwa mwanamume mwingine, neno likafika jumbani, na Sita akapelekwa tena msituni, na mimba ya watoto wawili. Miaka ikapita, wakamwita aape upya kwamba yu safi. Ndipo akasema na mama yake, udongo: nipokee. Ardhi ikafunguka, akaingia, ikafunga.

“Mwanamke aliyeinua uta kwa mkono mmoja,” husema Lalpari, “na maisha yake yote hakumjibu mtu. Mimi nalala macho nikimfikiria. Basi kwa kuwa yeye alinyamaza, sisi dada zake tunamjibia.”

Na humjibia kweli. Kila mwaka mwezi wa Agahan, mpunga ukishavunwa, sanamu ya Rama huletwa Janakpur kwa ngoma na tarumbeta kuja kuoa tena. Wanaume wanamrushia maua. Lalpari na wenzake wanasimama kando ya lango na kumpiga shemeji yao vijembe:

Twaliwapa uta wetu, muinue kwa heshima,
Mkavunja kama kuni, mgeni gani mzima?
Dada yetu kwa kushoto, aliuinua vyema,
Na sakafu kwa kulia, aliipaka mapema!

“Yeye hujibu nini?” waliwahi kumwuliza watalii fulani.

“Rama? Hucheka,” akasema Lalpari. “Ni shemeji yetu. Tunampenda. Ndiyo maana tunamwambia.”

Sasa mjue kwamba kwa ajili ya Sita sisi tuna miiko miwili. Binti wa hapa haolewi siku ile ya tano ya mwezi mwandamo wa Agahan, siku aliyoolewa Sita. Na binti wa hapa hapelekwi magharibi. Tulipeleka mmoja, yakatutosha.

Mjukuu wake Lalpari, Suruchi, nusura aivunje yote miwili kwa pigo moja.

Suruchi ni muuguzi mjini, msichana mpole, mwenye kicheko cha chini chini. Alilelewa na bibi mwenyewe tangu mama mtu alipofariki. Siku moja akaja hospitali kijana mhandisi wa umeme, kidole kimeungua. Kidole kilipona baada ya siku nne, lakini kijana akaendelea kuja kubadilishiwa bendeji mwezi mzima. Jina lake Abhinandan, kwao karibu kabisa na Ayodhya. Na baba yake alipopiga simu kuleta posa, alisema kwa furaha, sauti imejaa sukari, kwamba wao wameshachagua siku: ya tano ya Agahan, siku ile ile ya Rama na Sita! Ipo baraka kubwa kuliko hiyo?

Dinanath, baba yake Suruchi, alikuwa ameweka simu kwa sauti ya wote. Lalpari alikuwa anakaanga vipande vya viazi vikuu. Kijiko kikamdondoka kwenye mafuta.

“Siku ile?” akasema. “Siku ile kwetu hata paka haolewi!”

“Mama, watakusikia,” akanong'ona Dinanath.

“Wasikie! Magharibi, na siku ile! Walibakisha nini? Wamlete na dobi kabisa!”

Siku mbili hakusema na mtu. Ya tatu Suruchi akaketi miguuni pake, akaanza kumkanda nyayo.

“Bibi, Sita alikwenda magharibi peke yake, sivyo?”

“Peke yake.”

“Na habari zake mlizipata lini?”

“Habari gani? Walizileta washairi, yote yameshapita.”

“Basi. Safari hii anayekwenda ana simu.”

Lalpari akamtazama. Kisha akaanza kucheka, tumbo likatetemeka, mpaka akajifuta macho kwa pindo la sari. Siku ikasogezwa hadi ya nane, watu wa magharibi wakaombwa radhi, nao wakakubali kwa upole mwingi, maana ni watu wa adabu ambao hata wakimfukuza mbwa humwomba samahani kwanza.

Na adabu hiyo ndiyo iliyoleta balaa.

Siku sita kabla ya harusi Suruchi alimkuta bibi yake uani na shoga yake Sonwati, jirani mnene mwenye sauti ya filimbi, wanapanga nyimbo. Sonwati alikuwa ameshika mbavu anacheka. Walikuwa wamefika kwa babu mdogo wa bwana harusi, mzee aitwaye Babu Ramujagir, ambaye masharubu yake, kwa mujibu wa dereva wa bajaji aliyeiona picha, yanafika pande zote mbili za mlango.

“Bibi,” akasema Suruchi, “nakuomba jambo.”

“Omba, mwanangu.”

“Siku ya karamu usiimbe.”

Sonwati akaacha kucheka katikati, kama redio iliyokatikiwa umeme.

“Nisiimbe nini?” akauliza Lalpari. “Wimbo upi?”

“Wowote. Bibi, baba mkwe ni mwalimu mkuu. Wale hawazungumzi hivi. Abhinandan nikimwita mjinga kwa mzaha, husema naam. Nyinyi mtawaambia mjomba ana mimba, na mimi ndiye nitakayeishi nao. Nataka niingie kwao vizuri. Nitakuwa mgeni, Bibi. Nitanyamaza, nitatazama, nitajifunza.”

Hapo ndipo lilipompata Lalpari. Si kukatazwa kuimba, ingawa hilo nalo lilimwuma kama jino. Ni lile neno: nitanyamaza. Msichana hajavuka hata mfereji wa kijiji, tayari ameanza kunyamaza. Alitaka kusema, lakini akaona macho ya mjukuu wake yamejaa maji, akainama, akagusa udongo kwa kiganja.

“Haya. Kwa udongo huu, siimbi. Mpaka wewe mwenyewe useme imba, na mimi nisikie kwa masikio yangu.”

Kwetu, kiapo cha udongo ni kiapo mbele ya mama yake Sita. Hakipindwi.

“Dada Lalpari,” akasema Sonwati msichana alipoondoka, “umefanya nini? Mimi nyimbo zote hizi nitazipeleka wapi? Nitamwimbia mbuzi?”

“Mwimbie. Na usinitazame hivyo.”

Wanawake wengine nao, kiongozi asipofungua wimbo, hawawezi kufungua. Ndivyo ilivyo.

Harusi ikafungwa usiku wa siku ya nane, maharusi wakauzunguka moto mtakatifu, kila kitu kikaenda sawa. Wageni walikuwa wamekuja kwa mabasi mawili, moja likisukumwa kilomita ya mwisho na abiria wake. Kesho yake adhuhuri ikawa karamu ya wali. Majani ya migomba yakatandazwa uani, safu nne. Bibi na bwana harusi walikuwa katika chumba chao cha upande wa pili wa ua, chumba kilichochorwa ukutani mayungiyungi, mianzi na samaki. Siku nne za mwanzo bibi harusi hakai mbele ya wakwe na hapazi sauti. Akihitaji maji, hugonga kikombe.

Wali ukapakuliwa. Dengu, samli, mboga aina saba, samaki. Mimi mwenyewe nilipita na samli, na niliimimina kwa ukarimu ambao haujawahi kuonekana wilaya hii. Babu Ramujagir, kwa kuwa ndiye mkubwa, aliketi wa kwanza kwenye safu ya kwanza. Masharubu, kweli dereva hakusema uongo. Akanawa, akanyanyua mkono wa kulia juu ya wali, akauweka pale hewani. Akangoja.

Asipokula mkubwa, hali mtu. Mikono themanini na tatu ikasimama hewani.

Kunguru mmoja akalia kwenye paa. Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wameketi wamebanana, Sonwati amejitia pindo la sari kinywani, na Lalpari katikati yao ametazama miguu yake.

Dinanath akamwendea mzee, viganja ameviunganisha kifuani.

“Babu, chumvi imezidi?”

“Chumvi sijaionja, mwanangu.”

“Samaki si wazuri?”

“Wazuri sana. Tunatazamana hapa, mimi na yeye.”

“Basi tumekosea wapi, Babu? Tuambie.”

“Hamjakosea. Endeleeni tu. Tunasubiri.”

“Mnasubiri nini?”

Babu Ramujagir akashusha mkono gotini. Alionekana ghafla kama mtoto aliyenyimwa peremende.

“Kijana, nina miaka sabini na sita. Mama yangu alinifundisha tangu mdogo: Ramujagir, ukijaliwa kwenda Janakpur kuchukua bibi harusi, huko utatukanwa mpaka wazee wako kaburini wacheke. Rama mwenyewe alitukanwa huko! Kwetu nako wanawake huimba, lakini ni vimatusi tu vya kuombea maji. Nimepanda basi usiku, nimelisukuma mchana. Magoti yangu yanalia. Nikasema, si kitu, nakwenda kutukanwa na watu wanaojua kazi.” Akatazama pazia. “Sasa nasikia kunguru. Kama mmetuona hatufai kuwa ndugu zenu, mngesema mapema. Tungesukuma basi kurudi.”

Mwalimu mkuu, baba wa bwana harusi, aliyeketi pembeni yake, akainamisha kichwa. Mfukoni kwake kulikuwa na daftari na kalamu. Alikuja tayari kuandika.

Dinanath akakimbia barazani. “Mama! Imba!”

Lalpari akatikisa kichwa.

“Mama, watu wanaondoka! Mjukuu wako ataitwa binti wa nyumba iliyowadharau!”

Akatikisa tena, machozi yanamtoka, akanyoosha kidole sakafuni. Udongo. Kisha akakinyoosha ng'ambo ya ua, kwenye dirisha dogo la chumba cha maharusi.

Sonwati akaelewa. Na mwili wake wote ule akazunguka nyuma ya nyumba kama swala, akapita kwenye zizi, akamkanyaga mbuzi, akaingia chumbani.

“Suruchi! Hawali! Wanasema tumewanyima matusi! Bibi yako hafungui mpaka wewe useme, na asikie!”

Suruchi alikuwa ameketi mkekani karibu na mumewe, shela usoni. Kutuma mtu hakutoshi, bibi alisema mpaka asikie kwa masikio yake mwenyewe. Kuvuka ua hakuwezekani. Lililobaki ni kupaza sauti pale dirishani, mbele ya baba mkwe, mbele ya wazee wote wa magharibi, siku ya kwanza ya ndoa. Alimtazama Abhinandan.

“Kwenu,” akamwuliza polepole, “bibi harusi akipiga kelele inakuwaje?”

Abhinandan akafikiri. “Sijui,” akasema. “Hajawahi kutokea aliyejaribu.” Kisha akasogea, akampisha dirishani.

Uani, Babu Ramujagir alikuwa ameshashika fimbo yake anainuka. Ndipo sauti ikatoka, nyembamba mwanzoni, ikitetemeka, halafu ikapata miguu:

Babu mwenye masharubu, yafagiayo uwanja,
Mkono umefupika, wali huwezi kuonja?
Au meno kwenye basi, umeacha kwa haraka?
Useme, tukupondee, kama mtoto wa mwaka!

Kijiko changu kilijaa samli, ikafurika, ikanimwagikia mguuni, nami nikasahau kulia. Watu wote walilitazama dirisha lile. Na kutoka dirishani, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayemwita mwenziwe atoke nje, tukasikia:

“Bibi! Imba, wewe! Mimi nyingine siijui!”

Babu Ramujagir akaketi. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kimemkaba, kikapanda, kikamtoka kwa nguvu hata kilemba kikaangukia kwenye dengu la mwalimu mkuu.

“Bibi harusi mwenyewe!” akapiga kelele. “Mama, umesikia huko uliko? Bibi harusi mwenyewe!” Akazamisha mkono kwenye wali mpaka kwenye kifundo.

Na barazani? Lalpari alikuwa amesimama. Wale waliokuwa karibu naye wanasema hakucheka na hakulia. Alisema maneno mawili tu, kwa sauti ya chini: “Huyu hapana.” Sonwati, aliyerudi akihema, alimwuliza hapana nini. “Huyu,” akasema Lalpari, “udongo hautammeza. Atauambia ungoje.”

Halafu akavuta pumzi ya siku saba zote alizokaa bila kuimba, akafungua.

Ndugu zangu, niliwahi kuona mto Kamala ukivunja kingo zake. Lilikuwa jambo dogo. Alianza na mwalimu mkuu, akimwuliza kama mkewe naye humpa mitihani, na amefaulu somo gani. Mwalimu aliandika, anacheka, wino ukamchafulia mtindi. Akaja kwa mjomba mwenye tumbo. Akaja kwa kinyozi wao, dereva wa basi lao, basi lenyewe. Kila mmoja wa wale themanini na tatu alipata lake, kwa jina, na kijana mmoja aliyedhani amesahauliwa, ameshaanza kununa, akapewa beti mbili. Wali ulipikwa mara ya pili. Karamu iliyoanza adhuhuri ikaisha jua linatua, na watu walikuwa wanaomba majani mapya, si kwa njaa, ila wapate sababu ya kubaki.

Alimaliza na Sita, kama kawaida yake. Alipoimba ule wimbo wa uta uliovunjwa, watu wa magharibi, watu wa upande wa Rama, waliitikia wenyewe, wakimcheka mtu wao.

Siku nne baadaye Suruchi akaondoka. Hapo tulilia, si haba, hata nyimbo zilikatika. Lalpari alimtia mjukuu wake katika pindo la sari vitu vya desturi, mpunga, manjano na nyasi mbichi, kisha akachota kibonge cha udongo wa ua wetu akakiweka juu.

“Wengine huusia mabinti wavumilie,” akamwambia. “Mimi nakuusia ujibu. Cheka, lakini jibu. Wasikuulize neno mara mbili.”

“Naam, Bibi.”

“Na usiseme naam kila mara kama mumeo.”

Sasa kila jioni simu inalia. Mama mkwe wa Suruchi kule, baada ya wiki mbili za kuchapwa vijembe na mke wa mwanawe kwenye meza ya chai, ameanza kujibu. Amekuwa hodari, anasema Suruchi, ila vina vinampiga chenga. Lalpari humrekebisha kwa simu. Juzi alitukanwa na mwanamke yule kwa beti nne safi kabisa, akaja kunieleza, amevimba kwa fahari kama aliyepata mjukuu wa pili.

Na ile siku ya kuagana, nilikuwa sijaimaliza, maana kubwa kuliko yote lilikuwa hili: wageni walipokwisha jipanga barabarani, wote mia saba, Babu Ramujagir akavua kilemba akakiweka miguuni pa Lalpari, ngoma zikanyamaza, na yule tembo mkubwa aliyembeba bwana harusi akapiga magoti mawili mbele yake, akatandaza masikio, akainua mkonga, na machozi yake yakaanza kujaza —

“Tembo gani, shemeji?” akadakia Lalpari. “Masikio uliyoyaona yalikuwa yako, kwenye kioo cha basi!”